UDALALI WA NYUMBA NA VIWANJA: UJIRA HALALI NA "CHA JUU" CHA SIRI



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wanaomfuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, walimu wameniomba niandike somo juu ya kazi ninayoifanya, nayo ni udalali wa nyumba na viwanja hapa Kahama. Sababu waliyonipa ni kwamba wanafunzi wanasoma mlango wa biashara katika Fiqhi, lakini mifano ya vitabuni ni ya tende, ngano na ngamia, nao wanaishi katika mji ambao kila siku wanasikia fulani kauza nyumba, fulani kanunua kiwanja. Nimeona ni ombi jema. Kwa familia nyingi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote zitakazowahi kupita mikononi mwao, na ikipotea kwa ujinga au kwa udanganyifu, hairudi kwa urahisi.

MJI WETU NA BEI YA ARDHI

Tuanze na hali ya mji wetu. Mgodi wa Bulyanhulu, uliopo Msalala, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, ulianza mwaka 2009 na ukafunga uzalishaji mwaka 2021. Mwaka huo huo wa 2021 Kahama ilipandishwa hadhi ikawa Manispaa. Ongeza hapo wachimbaji wadogo wa ukanda wote huu mpaka Geita, biashara ya mpunga, na barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi inayopita mjini kwetu. Watu wamekuja kutoka kila mkoa, na wote wanataka mahali pa kulala na mahali pa kufanyia biashara.

Katika mji wa namna hii mgeni hamjui mwenyeji, na mwenyeji hamjui mgeni. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa katikati, yaani dalali.

MAANA YA UDALALI NA HUKUMU YAKE

Neno "dalali" tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kitendo cha kuonyesha na kuelekeza. Neno "dalili" ni ndugu yake. Kwa hiyo dalali, kwa maana ya jina lake, ni mwonyeshaji: anamwonyesha mnunuzi nyumba, na anamwonyesha muuzaji mnunuzi. Ninawaomba wanafunzi waishike maana hii, kwani somo lote linasimama juu yake. Dalali analipwa kwa sababu ya kuonyesha. Akianza kulipwa kwa sababu ya kuficha, ameiacha kazi yake ingawa jina amebaki nalo.

Je, ujira wa dalali ni halali? Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu juu ya ujira wa dalali, na humo ametaja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, wote wakiwa ni wanazuoni wakubwa wa waliotangulia, hawakuona ubaya katika ujira huo. Tena Abu Daud, Tirmidhi na wengineo wamepokea kwa Qays bin Abi Gharaza (r.a.) kwamba wao zamani walikuwa wakiitwa samasira, yaani madalali, na Mtume (s.a.w.) akawaita kwa jina zuri zaidi la wafanyabiashara. Kisha akawafundisha kuwa biashara huingiliwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Hakuwakataza kazi yao. Aliwaonyesha mahali inapochafuka, akawapa cha kuisafishia.

Hapa kwetu dalali wa nyumba ya kupanga kwa kawaida hulipwa kodi ya mwezi mmoja, na dalali wa kuuza hulipwa sehemu ya bei, mara nyingi asilimia kumi. Hii ni desturi tu, watu wanaweza kukubaliana zaidi au pungufu. Kinachotakiwa kisheria ya dini ni ujira ujulikane kabla kazi haijaanza. Wanazuoni huuita ujira wa namna hii ju'ala, yaani malipo kwa mtu atakayekamilisha jambo fulani, na dalili yake wanaitoa katika Surat Yusuf (12:72), pale ilipotangazwa shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo la mfalme. Tazameni: kazi ilitajwa, na malipo yalitajwa, kabla mtu hajainuka kwenda kutafuta.

Sasa tutazame mambo matatu ambayo dalali anatakiwa kuyaonyesha, na ambayo madalali wabaya huyaficha.

JAMBO LA KWANZA: BEI

Tuseme mwenye nyumba amemwambia dalali, "Nataka shilingi 12,000,000." Dalali anakwenda kwa mnunuzi anasema, "Mwenyewe anataka 15,000,000." Biashara inafanyika, muuzaji anapewa zake 12,000,000, na dalali anatoa humo humo ujira wake, kisha ile 3,000,000 anaitia mfukoni. Hii ndiyo inayoitwa "cha juu."

Madalali wenzangu hujitetea kwa kusema: "Muuzaji amepata alichotaka, mnunuzi ameridhika, nani amedhulumiwa?" Jibu ni kwamba wote wawili wamedhulumiwa. Muuzaji alikuwa amemfanya dalali kuwa wakili wake, na nyumba ya mtu ikiuzwa 15,000,000 basi 15,000,000 ndiyo thamani ya mali yake. Na mnunuzi ameambiwa uongo juu ya bei ya mwenye mali.

Lakini jambo hilo hilo likifanywa kwa uwazi hukumu yake inabadilika. Katika mlango ule ule, Bukhari amemtaja Ibn Abbas (r.a.) kuwa hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake auze nguo hii, na kitakachozidi kiasi fulani kiwe chake. Yaani mwenye mali mwenyewe ameridhia, tena mapema, kwamba ziada ni ya dalali. Maoni yangu mimi, baada ya kuifanya kazi hii, ni kwamba hata njia hiyo ifuatwe kwa tahadhari. Aliye na shida ya fedha za hospitali au za ada huridhia kitu chochote, na dalali mwenye kumcha Allah hamtumii mtu katika shida yake.

Upande wa bei kuna mambo mengine mawili yaliyokatazwa:

(a) Najash. Mtume (s.a.w.) ameikataza katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Najash ni mtu kupandisha bei bila ya nia ya kununua, ili amtie mwingine tamaa. Siku hizi inafanyika kwa simu. Dalali anajifanya anapigiwa na mteja wa Mwanza aliye njiani na fedha taslimu, wakati hakuna mteja wala safari. Mnunuzi anaingiwa na hofu, analipa haraka bila ya kuchunguza.

(b) Kumwendea muuzaji kabla hajaijua bei. Katika Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kuwalaki njiani wanaoleta bidhaa, na akampa muuzaji aliyelakiwa hiari ya kuvunja biashara akifika sokoni. Makusudio ni kumlinda asiyejua bei. Mfano wake kwetu ni mtu aliyepata habari kuwa barabara au mradi unakuja mahali fulani, akamwahi mzee kijijini na kumnunulia shamba kwa bei ya mwaka juzi.

JAMBO LA PILI: KASORO ZA NYUMBA NA KIWANJA

Muslim amepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asiiweke juu ile sehemu yenye maji watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa ni kuigeuza ile sehemu mbovu ikae chini.

Nyumba nazo zina unyevu wake wa chini. Katika ukanda wetu wa dhahabu nitataja mambo manne:

1. Duara lililofukiwa. Kuna viwanja ambavyo zamani vilichimbwa, kisha shimo likafukiwa na kifusi na nyasi zikaota. Ukijenga juu yake, nyumba inaweza kutitia na kupasuka. Majirani wa siku nyingi wanalijua, basi waulizwe.

2. Hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Fremu ya duka iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuwa nzuri na yenye wateja, lakini kuiuza bila ya kusema hilo ni kumuuzia mtu alama ya X.

3. Maji. Kiwanja kinachoonyeshwa mwezi wa nane, udongo umekauka, kinaweza kuwa njia ya maji mwezi wa tatu. Anayetaka kujua akitazame wakati wa masika, au aangalie mistari ya maji kwenye kuta za majirani.

4. Kutegesha. Neno hili lilipata umaarufu Nyamongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa North Mara. Maana yake ni kujenga vibanda au kupanda miti haraka haraka kwenye eneo linalotarajiwa kuchukuliwa na mgodi, ili kulipwa fidia. Wapo wanaowauzia wengine maeneo ya namna hii kwa ahadi kuwa "fidia inakuja." Kwanza jengo lenyewe limejengwa kwa nia ya kudanganya. Pili, vilivyoongezwa baada ya uthamini kufanyika havihesabiwi, na mnunuzi anabaki na kibanda.

JAMBO LA TATU: MWENYE MALI NI NANI?

Hili ndilo kubwa zaidi. Bei ikizidi unapata hasara ya sehemu ya fedha. Kasoro ikijitokeza unaweza kuitengeneza. Lakini ukinunua kwa asiyekuwa mwenyewe, umepoteza vyote, na huenda umeshiriki kumtoa mtu nyumbani kwake. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Said bin Zayd (r.a.) kwa Bukhari na Muslim, ametahadharisha kuwa mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhulma, japo shubiri moja, atavishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama.

Mara nyingi tatizo halitokani na mwizi asiyejulikana, bali linatoka ndani ya familia. Nitaeleza sura mbili.

Kwanza, mume kuuza nyumba bila ya mke kujua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kumpa mtu mwingine nyumba ya ndoa bila ya idhini ya mwenzake. Dalali anayeona mume anataka biashara ifanyike hotelini usiku, wala hataki mnunuzi aingie ndani kuiona nyumba, anatakiwa aelewe kuna nini.

Pili, nyumba ya mirathi. Baba amefariki, kaka mkubwa anaishi mle ndani, na hati anayo yeye. Anauza. Dada zake walioolewa Tabora na Geita wanasikia baadaye. Allah (s.w.) katika Surat an-Nisaa (4:7) amewawekea wanaume na wanawake fungu katika walichokiacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na amelifanya fungu hilo kuwa la lazima. Na katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo amewaonya vikali wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Kushika funguo hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Kwanza msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, warithi wote wajulikane, nao waridhie kuuza.

Tuna mfano bora kwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Alipofika Madina, kiwanja kilichojengwa msikiti wake kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wao walitaka kumpa bure. Alikataa kukipokea kama zawadi mpaka akakinunua kwao. Ilikuwa ni kazi ya msikiti, na mnunuzi alikuwa ni Mtume wa Allah, hata hivyo haki ya yatima ililipwa.

KUANDIKA NA KUSHUHUDISHA

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Surat al-Baqarah, nayo inazungumzia kuandikiana. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mdaiwa ndiye atamke, wala watu wasichoke kuandika, likiwa dogo au kubwa. Inaamrisha pia kuweka mashahidi mnapouziana, na inakataza kumdhuru mwandishi au shahidi. Basi anayesema, "Sisi ni Waislamu, tunaaminiana, karatasi za nini?" ameacha agizo la Mola wake huku akidhani anafuata udugu.

Sheria ya nchi nayo inataka hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuuziana haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi. Ieleweke pia kuwa Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mnachouziana ni haki ya kuimiliki na vilivyojengwa juu yake. Kabla hujatoa fedha, fuata hatua hizi:

1. Uliza mtaani: majirani wa pande zote na viongozi wa mtaa. Saini ya mwenyekiti inasaidia kuwa ushahidi, lakini haigeuki kuwa hati.
2. Kama kiwanja kimepimwa, nenda idara ya ardhi ya halmashauri na kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililosajiliwa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama.
3. Kama ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji ihusishwe.
4. Simama kwenye kiwanja chenyewe, uonyeshwe bikoni au mipaka mbele ya majirani.
5. Andikeni mkataba kwa mwanasheria, mwenye mali akiwepo, mwenzi wake akiwepo, na mashahidi wa pande zote mbili. Kama kuna advansi, iandikwe itakuwaje mmoja akighairi, kwani wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuishikilia.
6. Lipeni kodi zinazotakiwa na mhamishe jina. Watu wengi huishia kwenye mkataba wakauweka kabatini miaka kumi.

Dalali anayekuzuia usifuate hatua hizi kwa kusema utachelewa, mwache aende na nyumba yake.

KWA ANAYETAKA KUUZA

Nimewaona watu wengi wakiuza, na ushauri wangu kwao ni mmoja: usiuze makazi kwa ajili ya jambo linalopita. Ibn Majah amepokea Hadithi yenye maana kuwa mwenye kuuza nyumba kisha asiitie thamani yake katika nyumba mfano wake, hatabarikiwa katika fedha hizo. Nyumba inayouzwa ili kununua pikipiki, au kutia fedha kwenye duara la rafiki, imetoka kwenye kitu kinachokaa ikaingia kwenye kitu kinachopotea. Mgodi hufungwa, kama Buzwagi ulivyofunga, lakini watoto bado watahitaji pa kulala.

Ukilazimika kuuza, mkumbuke jirani. Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi' (r.a.), aliyekuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la nyumba ya Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.). Watu wengine walikwisha kumpa bei ya dinari 500. Sa'd akasema hawezi kuzidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamuuzia Sa'd kwa bei ile ndogo, kwa sababu alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Katika madhehebu ya Shafi haki ya kudai kuuziwa, yaani shufaa, ni ya mshirika wa mali. Ama kumpa jirani habari kwanza ni adabu njema kwa wote.

HITIMISHO

Ndugu zangu, tumalizie na kisa kinachotufaa sana sisi wa mikoa ya dhahabu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alisimulia habari za mtu mmoja aliyenunua ardhi, akakuta ndani yake chungu cha dhahabu. Akakirudisha kwa muuzaji akidai kuwa yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akisema ameuza ardhi na vilivyomo. Wakaenda kwa hakimu. Hakimu akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana, mwingine binti. Akaamua vijana waozeshwe, dhahabu ile watumie na watoe sadaka.

Kwa sheria zetu za leo madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, na mwenye kiwanja hana ruhusa ya kuchimba bila ya leseni. Lakini mafundisho ya kisa yako palepale. Watu wale wawili hawakugombania kuchukua, kila mmoja aliogopa kuchukua ambacho hakikutajwa katika makubaliano yao. Cha juu cha siri ni kinyume chake kabisa: ni kuchukua kwa makusudi ambacho hakikutajwa.

Wapo kati yenu wanafunzi watakaokuwa madalali, na wengi zaidi watakuwa wauzaji na wanunuzi. Onyesheni bei, onyesheni kasoro, onyesheni mwenye mali. Kwa Hakim bin Hizam (r.a.) imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kusema uongo, hufutwa baraka yake. Nyumba iliyonunuliwa namna hiyo hata watoto hulala ndani yake kwa amani, wala hawashtuki mlango ukibishwa hodi na mgeni mwenye karatasi.

MASWALI

1. Eleza asili ya neno "dalali" na jinsi linavyohusiana na wajibu wake.
2. Kuna tofauti gani kati ya "cha juu" cha siri na ruhusa aliyoitaja Ibn Abbas (r.a.)?
3. Najash ni nini? Toa mfano mmoja uliouona au kuusikia mtaani kwenu.
4. Kaka anataka kuuza nyumba ya marehemu baba yake, na hati anayo yeye. Mambo gani yatimizwe kabla ya kununua?
5. Waulize wazazi wako: je, nyumba au kiwanja chetu kina maandishi gani, yako kwa jina la nani, na yamehifadhiwa wapi?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.